Namna ya Kuchukua Fedha za Mwekezaji Asiyefuata Faida

Mtu anayetaka faida tu haji Manchira, ukingoni mwa Hifadhi ya Serengeti. Ana pa kwenda. Mwaka 2021 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa hati fungani ya miaka 25 yenye riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka. Mwenye fedha zake aliweza kuinunua akiwa sebuleni kwake Dar es Salaam, kisha akawa anasubiri riba iingie benki. Hakuna vumbi, hakuna mkutano wa kijiji, hakuna tembo wa kukanyaga mradi usiku. Kwa hiyo ukimwona mtu ameyaacha hayo yote, amekatiza hifadhi nzima kutoka Arusha, na sasa anashuka kwenye gari mbele ya mizinga yako ya nyuki huku akipangusa kofia, tulia. Huyo kuna kitu kingine anakitafuta, na kitu hicho unacho wewe.

Mwongozo huu ni wako, mura, na wako pia dada mwenye wazo la kusindika maziwa pale Mugumu ambaye kila ukifungua mdomo unaulizwa dhamana. Nitakufundisha kumuuzia mwekezaji kitu hicho kwa bei nzuri. Ni njia ya mkato, sikatai. Lakini mabarabara makubwa ya mtaji hayajapita kwetu, na mimi nataka fedha zifike huku kabla hujazeeka.

Kwanza: pima bei ya moyo wake

Usione haya kuuza hisia. Zina bei, na bei yenyewe imeshapimwa. Watafiti watatu wa Marekani, Brad Barber, Adair Morse na Ayako Yasuda, walichapisha mwaka 2021 utafiti kuhusu mifuko ya uwekezaji inayotafuta faida na manufaa ya jamii kwa pamoja. Waligundua kwamba wanaoweka fedha humo wako radhi kupata pungufu, kati ya pointi 2.5 na 3.7 za asilimia kwa mwaka, kuliko wanachotegemea kwenye mifuko ya kawaida.

Hebu tuiweke kwenye shilingi. Milioni 100 ikikua kwa asilimia 12 kila mwaka, baada ya miaka mitano inafika milioni 176. Ikikua kwa asilimia 9, inafika milioni 154. Milioni 22 zilizokosekana hapo katikati ndizo mwekezaji amelipia furaha yake, na amelipa kwa hiari. Kosa la wengi wetu ni kumpa furaha hiyo bure, halafu tunaanza kumbembeleza apunguze riba. Geuza. Taja masharti ya fedha kwanza, furaha ije baada ya saini.

Wapo wanaolipa zaidi ya hapo. Mwaka 2005 Wamarekani wawili, Matt Flannery na Jessica Jackley, walianzisha mtandao wa mikopo wa Kiva baada ya kuzunguka Afrika Mashariki, na mikopo ya kwanza ikaenda Tororo, Uganda. Mtu anakaa kwake Marekani, anatoa dola 25, hapati riba hata senti moja. Anachopata ni picha ya mkopaji, jina lake, na habari fupi ya biashara yake. Mwaka 2009 mtafiti David Roodman akaeleza hadharani kwamba, mara nyingi, mkopaji anayeonekana kwenye picha huwa ameshapewa fedha na taasisi ya mikopo ya kwao kabla mkopeshaji hajamchagua. Kiva wakabadilisha maelezo yao. Watu wakaendelea kukopesha.

Soma hapo vizuri. Aliyetoa dola 25 alitaka kujua kwamba fedha yake imemgusa mtu mwenye sura na meza ya samaki. Basi mpe sura. Piga picha asubuhi, jua likiwa bado chini, mikono yako ikiwa ndani ya kazi. Usisimame umekaza shingo kana kwamba unapigwa picha ya kitambulisho cha NIDA.

Pili: mpe mahali pa kuandika jina

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye fedha nyingi na ndipo watu wetu wanapojibana bila sababu.

Kutaka jina hakukuja na wageni wa juzi. Karne ya 19 Unguja kulikuwa na tajiri aitwaye Tharia Topan, mkopeshaji wa wenye misafara ya bara, akiwemo Tippu Tip mwenyewe. Msafara ndio uliokuwa kampuni changa ya zama zile: mtu anayeijua njia lakini hana mtaji, na tajiri anayempa vitambaa, shanga na bunduki akitegemea pembe za ndovu zitarudi. Biashara ile iliuza pia watu, na jambo hilo lisifichwe tunapowataja wakubwa wake. Topan alipata mali ya kutosha. Kisha akataka kitu ambacho pembe hazinunui moja kwa moja. Mwaka 1887, Malkia Victoria akitimiza miaka 50 kwenye kiti, Topan aliweka jiwe la msingi la zahanati mbele ya bandari ya Unguja. Waingereza wakampa cheo cha Sir. Alifariki mwaka 1891 kabla ujenzi haujaisha, na jengo lenyewe bado linaitazama bahari pale Mizingani, limenakshiwa vibaraza vyake vya mbao mpaka juu.

Mwenzake Sewa Haji Paroo wa Bagamoyo alifanya vilevile: alikopesha na kuandaa misafara, akatajirika, akatoa mali kwa ajili ya hospitali Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1897. Leo ukienda Muhimbili kumwona mgonjwa, unaweza kuelekezwa Sewahaji. Hakuna anayeikumbuka hesabu ya pembe zake, lakini jina lake linatajwa kila siku na watu wenye chupa za uji mkononi.

Sasa wewe una nini cha kuandikwa jina? Vingi. Mzinga wa nyuki una ubao wa mbele. Tangi la maziwa lina ubavu. Chumba cha kuchujia asali kina mlango. Mti una shina. Toa nafasi hizo kwa ukarimu, majina yachorwe kwa rangi nzuri isiyofutika mvua ya kwanza, na umtumie picha kila masika yakiisha ili aone jina bado lipo. Sharti moja tu: jina liende kwenye kitu kisichouzika. Kampuni usiipe jina lake, na bidhaa usiipe. Chupa ya asali iandikwe Manchira. Siku mwekezaji akihamisha mapenzi yake kwenye viumbe wa baharini, utabaki na chupa zako.

Na usidhani mwekezaji ni mgeni tu. Kwa sheria, halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Huyo naye ni mwekezaji asiyefuata faida, yuko hapo hapo Mugumu, na anataka kitu. Anataka siku. Anataka viti chini ya hema, kikundi kimevaa fulana zinazofanana, na kile kikaratasi kigumu kikubwa kuliko mlango tunachokiita mfano wa hundi. Kishike kwa mikono miwili, maandishi yaelekee kamera, tarakimu zisifunikwe na kidole. Hilo ndilo gawio la kiongozi, na ni haki yake. Amelifanyia kazi kwenye vikao ambavyo wewe hukuviona.

Kama una wawekezaji wawili, wape siku mbili. Ukimweka mkuu wa wilaya na mfadhili wa kigeni kwenye utepe mmoja, mmoja atarudi nyumbani ameshikilia mkasi ambao haukukata kitu, na mwaka ujao hatapokea simu yako. Nunua utepe mrefu, ukate vipande viwili, zindua mashine leo na zindua jengo la mashine mwezi ujao.

Tatu: muuzie mnyama

Vijana wa Njombe wana parachichi. Wa Mwanza wana sangara. Wewe umezaliwa ukingoni mwa Serengeti, na dunia nzima kuna watu wenye fedha ambao wakifumba macho wanaona nyumbu. Wawekezaji wa Nyamongo kule Tarime wanahesabu wakia za dhahabu, wasalimie, upite. Wa upande wetu wengi wanahesabu mikia.

Mtazame Paul Tudor Jones. Ni Mmarekani wa Wall Street aliyepata utajiri na sifa alipouona mapema mporomoko wa soko la hisa wa Oktoba 1987. Mtu wa namna hiyo anaijua faida kuliko wewe na mimi. Mwaka 2002 alichukua kitalu cha Grumeti, magharibi mwa hifadhi, na mwaka 2006 akawakabidhi kampuni ya Singita waendeshe nyumba za wageni. Mwaka 2019 mfuko wa Grumeti ulileta faru weusi tisa kwa ndege kutoka Afrika Kusini. Faru hatoi gawio. Faru analindwa na watu wenye silaha usiku na mchana, mwaka mzima, na analipiwa. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu anafanya hivyo, usitafute kwenye mizania yake. Anataka pawe na mahali duniani ambapo, kwa sababu yake, kiumbe fulani hakijaisha.

Wengine wana sababu yenye kina zaidi ya hapo. Shirika la Frankfurt Zoological Society liliwahi kuongozwa na Bernhard Grzimek, aliyekuja na mwanawe Michael kuhesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo. Januari 1959 ndege ikaanguka, Michael akafa, akazikwa Ngorongoro. Baba alipofariki mwaka 1987, majivu yake yakaletwa kuzikwa hapo hapo. Shirika hilo bado liko nasi, na miongoni mwa kazi zake ni kusaidia vikundi vya COCOBA vijijini: wanachama wananunua hisa zao wenyewe, wanakopeshana, na mikopo inakwenda kwenye biashara zisizoumiza mbuga, kama kuku na nyuki. Ukikaa na mtu wa taasisi yenye kaburi kwenye historia yake, usimwonyeshe jedwali la faida kwa dakika arobaini. Mwonyeshe wanachama wangapi wamebaki kwenye biashara halali mwaka wa tatu.

Basi ifungie biashara yako kwenye mnyama, na ifungwe kweli. Mfano unao tayari. Tembo wanavamia mashamba ya vijiji vyetu, mkulima analala juu ya kichanja na tochi. Mtafiti Lucy King, akifanya kazi Kenya, alionyesha kwamba tembo wanawakwepa nyuki, na akatengeneza uzio wa mizinga: mizinga inaning'inizwa kwenye waya kuzunguka shamba, tembo akisukuma waya mizinga inatikisika, nyuki wanatoka. Ukiwa na uzio huo una bidhaa tatu kwa gharama moja. Mkulima anabaki na mahindi yake. Wewe unauza asali. Mwekezaji anapata tembo aliyegeuka na kurudi porini bila kuchomwa mkuki. Mtoze kila mmoja sehemu yake.

Ziara yake ipange hivi. Mwalike Juni au Julai, nyumbu wakiwa upande wetu wa magharibi, ili safari yake ianze na mandhari aliyoiota. Akifika kwako, usimkalishe. Mvalishe vazi la nyuki wewe mwenyewe, mfunge zipu mpaka shingoni, mpe kile chombo cha moshi akiminye kwa mkono wake. Mwache asimame ubavuni mwa mzinga, asikie ule mvumo ukipanda mfuniko unapoinuliwa. Atanyamaza. Nawe nyamaza, hapo anajiuzia mwenyewe. Kisha mpe sega lenyewe, kwenye sahani ya bati, nta na asali pamoja, achafuke vidole. Bei utaitaja jioni, ameshanawa na vidole bado vinanata.

Nne: mpe hadithi ya kubeba

Akirudi kwao ataulizwa alikuwa wapi, na mtu hawezi kusimulia asilimia. Msaidie.

Hakuna aliyelijua hili vizuri kama Jacqueline Novogratz. Akiwa msichana Virginia, Marekani, alikuwa na sweta la buluu lenye picha ya pundamilia na mlima. Baadaye akalitoa kwa hisani. Miaka ikapita, akawa anafanya kazi Kigali, na siku moja akamwona mtoto wa kiume barabarani amevaa sweta lile lile; akaligeuza shingoni akakuta jina lake. Sisi tunaonunua mitumba tunajua sweta lilikopita. Yeye alilifanya kuwa jina la kitabu chake mwaka 2009, na kuwa sababu ya kueleza kwa nini watu wa mbali wanahusiana. Mfuko wake, Acumen, alioanzisha mwaka 2001, uliikopesha kampuni ya A to Z ya Arusha kwa ajili ya vyandarua vyenye dawa ya kudumu, kwa teknolojia ya Sumitomo ya Japani. Vyandarua hivyo vimelaza watoto wengi salama. Sweta ndilo lililowafanya matajiri wasikilize mpaka wafike kwenye vyandarua.

Kwa hiyo tafuta sweta lako. Kitu kimoja, kinachoshikika, cha kweli, kinachosimulika kwa dakika moja mezani. Ufunguo wa tatu wa sanduku la fedha la kikundi uliofungwa kwenye kona ya kanga ya bibi mmoja. Waya uliopindwa na tembo, na nyayo zilizogeuka. Mpe hicho aondoke nacho.

Hadithi iwe yako na izaliwe hapa. Kampuni ya chakula ya Kune, Nairobi, ilipata dola milioni moja mwaka 2021. Mwanzilishi wake Mfaransa alisimulia kwamba baada ya siku tatu tu Kenya aliona hakuna chakula kizuri cha bei nafuu. Wawekezaji waliielewa hadithi hiyo mara moja. Wakenya, wanaokula vibandani kila mchana, hawakuitambua hata kidogo, na waliisema mitandaoni mpaka ikawa aibu. Juni 2022 Kune ilifungwa. Kabla hujamsimulia mgeni, msimulie mama ntilie wa stendi ya Mugumu. Akitikisa kichwa, rudi uipange upya.

Tano: mfanye mwalimu

Kuna mwekezaji asiyejali tembo wala jina. Huyo mara nyingi alijenga kampuni yake, akauza, na sasa hana mtu wa kumsikiliza. Nyumbani watoto wamemchoka. Muulize swali gumu la kweli, kisha fanya alichosema, kisha mpigie umwambie kilichotokea. Ukirudia hivyo mara tatu, atakuwa anajiita sehemu ya kazi yako kabla hujaomba shilingi.

Ukiona nadanganya, tazama kampuni ya NALA ya Mtanzania mwenzetu Benjamin Fernandes. Januari 2022 ilipotangaza kupata dola milioni 10, pamoja na mifuko mikubwa kulikuwa na watu walioweka fedha za mfukoni mwao, akiwemo Vladimir Tenev aliyeshiriki kuanzisha Robinhood na Jonas Templestein wa benki ya Monzo. Hao waliwahi kukaa kwenye kiti kilekile cha moto. Mwaka 2024 NALA ikapata milioni 40 nyingine. Sidai kwamba watu hao walisahau faida. Nasema mtu aliyewahi kujenga akimwona kijana anayejenga, mkono unamwasha.

Kuhusu mapenzi tu

Hapa sina mbinu ya kukupa, nakupa taarifa. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya hisa za klabu ya Simba kwa shilingi bilioni 20. Lipe jambo hilo jina lolote, lakini mtu anayehesabu vizuri kama yeye angeweza kupata faida kwenye unga, mafuta au mkonge bila kuumwa tumbo kila siku ya mechi na Yanga. Ukimkuta mwekezaji anayeipenda shughuli yako kwa namna hiyo, usimwongezee hadithi. Mpe jezi, mkae.

Vitu usivyouza

Sasa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wajanja wanapopoteza kila kitu.

Mwaka 2017 taasisi ya Village Capital ilionyesha kwamba karibu asilimia 90 ya fedha zilizokuwa zikiingia kwenye kampuni changa za huduma za fedha za kidijitali Afrika Mashariki zilikwenda kwa kampuni zenye mwanzilishi wa kigeni. Takwimu hiyo inaniuma, na inapaswa ikuume. Inaonyesha kwamba mwekezaji ananunua pia mtu anayefanana naye: aliyesoma naye, anayecheka anapocheka yeye. Utashauriwa njia ya mkato: mtafute mgeni mmoja, mpe asilimia 30 za kampuni, akae kwenye picha. Usifanye. Ukitaka sura ya mgeni, iombe barua, ilipie ushauri kwa mwezi, iweke kwenye bodi ya washauri isiyopiga kura. Hisa ni za aliyelala kwenye kichanja. Ukienda BRELA kusajili, andika majina ya wanaofanya kazi, na mwekezaji wa moyo mwache akukopeshe kwa masharti nafuu, au mpe hisa chache zisizoamua. Furaha yake haihitaji kura kwenye mkutano wa mwaka. Mpe mzinga wenye jina lake, mpe tembo, mpe siku ya utepe. Usukani bakia nao.

Kingine: usiuze kikundi ambacho hakipo. Aprili 2023 serikali ilisimamisha ile mikopo ya asilimia 10, na moja ya sababu kubwa ilikuwa vikundi hewa. Ilirudi mwaka 2024. Katikati hapo, wanawake wenye mashine za kushona na vijana wenye bodaboda za kweli walikaa bila mtaji kwa sababu ya wachache waliounda vikundi vya uongo. Pamba unachotaka kupamba, panga mwanga, chagua mwezi wa nyumbu. Lakini nyuki wawemo ndani ya mzinga.

Namna ya kuanguka vizuri

Huenda ukaanguka. Kampuni changa nyingi huanguka, na mwekezaji wako anajua. Habari njema ni kwamba aliyeleta moyo wake ana njia ya kulipwa hata mradi ukifa, ilmradi hujamnyima.

Mpigie mapema. Akisikia kwa dereva wa watalii kwamba mizinga imeliwa na mchwa, umekwisha. Akisikia kwako wiki ile ile, amepata siri ya ndani na anajiona ndugu. Mpe hesabu kwenye karatasi moja: zilizoingia, zilizotumika, zilizobaki, na zilizobaki zirudishe hata kama ni laki mbili. Hiyo laki mbili ataisimulia kuliko milioni zote alizopata kwingine. Mpe funzo, kwa sentensi moja anayoweza kuisema kwenye mkutano wake: kwamba mizinga ilikaa mbali na maji, au kwamba wakulima hawakuwa tayari kulipia uzio kabla ya kuvuna. Funzo ni kitu wawekezaji wanachokipenda mno, naye ameshalinunua, mkabidhi.

Na usiing'ang'anie biashara uliyoiandika kwenye andiko. Serikali ya Uingereza iliwahi kuipa Vodafone karibu pauni milioni moja kujaribu malipo kwa simu. Majaribio ya 2005 Kenya yalilenga marejesho ya mikopo midogo ya taasisi ya Faulu. Watu wakaanza kutumiana fedha wao kwa wao kwa mambo yasiyohusu mkopo wowote. Waendeshaji wakawafuata watu, na mwaka 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa ajili ya kutuma fedha. Mwaka uliofuata ikaingia Tanzania. Kama wanakijiji wameacha kununua asali yako wakawa wanakuja kukodi chombo chako cha kuchujia, mwambie mwekezaji kwamba sasa unakodisha chombo. Atafurahi kuwa alikuwepo tangu mwanzo.

Mizinga iliyobaki ikabidhi kikundi, kwa maandishi, mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Mtumie mwekezaji picha ya makabidhiano. Halafu, kabla hajakata simu, mwombe namba ya rafiki yake mmoja anayependa mambo ya maji. Watu wa namna hiyo wapo wengi, na wewe una bwawa zima la Manchira la kumwonyesha.